Mkaguzi wa Fomula

Kwa miaka mingi nilikana kwamba mimi ni mchawi. Nilikana mbele ya shemeji yangu, aliyeniuliza akicheka. Nilikana mbele ya mchungaji, ambaye hakucheka. Na nilikana kwa mama yangu karibu kila Jumamosi, kwa simu, nikiwa nimesimama kwenye ujia wa nyumba ya mtu mwingine katika mtaa wa Ngagara, kiganja kikiwa mdomoni. Leo nakubali. Mimi, mwanamke mwenye shahada mbili, goti bovu la kushoto na makala zinazosomwa na watu ninaowafahamu kwa majina, ni mchawi wa daraja la saba, mwenye ndevu hadi kiunoni.

Uchawi wenyewe ni wa mezani. Watu wanakaa, mmoja anasimulia nchi ambayo haipo, wengine kila mmoja ni mtu wa nchi hiyo, na dadu huamua kama umeruka shimo au umetumbukia. Kuna wapiga panga, kuna makuhani, kuna wachawi. Mchawi huanza na maneno machache ya nguvu, na kadiri anavyokomaa hujifunza mengine: la kuwasha taa bila taa, la kutoonekana, la kufungua mlango uliofungwa. Namna anavyojifunza ndiyo habari yangu hapa, kwa sababu mtu aliyetusimulia nchi ile alikuwa na maoni yake kuhusu kujifunza, na maoni hayo nusura yaiue meza yetu.

Tulimwita Mkaguzi. Alikuwa amestaafu kukagua shule za sekondari, upande wa sayansi, lakini ukaguzi wenyewe haukuwa umemwacha. Akiingia nyumbani kwako aliangalia madirisha kwanza, kisha kucha za watoto, ndipo akakusalimu. Mchezo aliachiwa na mzungu mmoja, mwalimu wa hisabati, ambaye mkataba wake ulipokwisha aligawa vitu vyake kwa majirani. Mmoja alipata friji, mwingine alipata baiskeli, na Mkaguzi akapata sanduku la kadibodi lenye kitabu kinene cha Kifaransa na dadu za pande nyingi ambazo hakuna mtu Ngagara aliyekuwa amewahi kuziona. Alikisoma kitabu kile kama alivyokuwa akisoma mitaala, kalamu nyekundu mkononi.

Jambo la kwanza alilofanya lilikuwa kufuta maneno. Hapa kwetu huwezi kukaa sebuleni madirisha yakiwa wazi, ukasema kwa sauti kwamba mchawi wako amepata uchawi mpya, halafu kesho ukaenda kwa jirani kuazima chumvi. Kwa hiyo mchawi akawa msomi, na kila uchawi ukawa fomula. Majirani waliotusikia walielewa kwamba mzee anafundisha watu wazima kemia bila malipo, na walimheshimu sana kwa hilo. Mama mmoja wa nyumba ya pili alikuja kumwombea nafasi binti yake aliyekuwa na mtihani. Mkaguzi hakuwa mtu wa kusema uongo, na ukweli nao ulikuwa haufai. Alimfundisha binti yule kemia ya kweli muhula mzima, siku za Jumatano, ili yale waliyoyaamini majirani yawe na msingi.

Mezani tulikuwa watatu mbele yake. Fundi Hamisi alikuwa na gereji Buyenzi, na wakati ule mafuta yalipoadimika alikuja kwa miguu, mikono ikiwa bado inanuka grisi. Furaha alikuwa ametoka Uvira, ng'ambo ya mpaka, na aliuza vitenge Jabe. Mimi nilikuwa mimi. Hatukuwa na jambo moja linalotuunganisha isipokuwa meza ile, na nilikuwa nimefika umri ambao rafiki mpya humpati tena ila kwenye foleni ya hospitali au msibani. Ndiyo maana nilivumilia mambo ninayotaka kuyaeleza.

Kitabu kinataja njia kadhaa za kupata fomula. Wako wanaozaliwa nazo kwenye damu. Wako wanaozipata kwa kufunga mkataba na mkubwa fulani wa gizani. Wako makuhani, wanaopewa kila asubuhi wakisali. Na wako wasomi, ambao huzisaka moja moja kwa watu wanaozijua na kuzifanyia kazi hadi ziwaingie. Furaha, siku yake ya kwanza, hakusumbuka kuchagua.

"Mi nachukua ile ya kuzaliwa nayo."

"Iyo apana," Mkaguzi akasema.

"Lakini iko mu kitabu, Muzee."

"Iko mu kitabu, haiko hapa. Mutu hazaliwi na kitu. Hata kunyonya, mutoto anaonyeshwa. Uliza mama yeyote."

Furaha, ambaye ana watoto, akahamia njia ya pili. "Basi ile ya mkataba na mukubwa."

"Iyo ni piston."

Piston, kwa asiyeijua, ni ule mkono wa mjomba aliye wizarani unaokuvuta ndani huku wenye vyeti wakisubiri barazani. Mkaguzi alikuwa ameona shule nzima zikijazwa kwa mkono huo, na hakuwa tayari kuuona tena, hata katika nchi yenye majoka. Furaha akawa msomi kwa kukosa pa kukimbilia, kama wengi wetu. Fundi Hamisi peke yake alikuwa ameona mbali. "Mimi nipeni panga," alisema tangu mwanzo. "Miungu ya kitabuni siitaki, na mitihani niliiacha shule." Katika miaka yote ile hakuna mtu aliyekuwa na raha mezani kumshinda Fundi.

Kwa sababu mitihani ilikuwepo. Ukitaka fomula mpya, Mkaguzi alikusomea mara moja inavyofanya kazi. Kisha ulipewa wiki nzima kumtafuta shahidi, yaani mtu asiyecheza, asiyejua lolote, na kumweleza fomula hiyo kwa maneno yako hadi aielewe. Jumamosi, mbele ya wote, Mkaguzi alimpigia shahidi simu na kumhoji. Shahidi akieleza vizuri, umejifunza. Akibabaika, hujajifunza, na msomi wako aingie pangoni bila kitu.

Simu yake ilikuwa ile ndogo ya vitufe, ambayo aliibonyeza kwa ukucha wa kidole gumba na kuishika mbali na uso, hata majibu tukayasikia sote, akapaza sauti kulingana na umbali wa mtu. Shahidi wa Kinama, mtaa wa karibu, alisemeshwa kwa nguvu kidogo. Akisema na shahidi wa Rumonge, mji wa mbali, alisikika hadi barabarani.

Fomula yangu ya kutoonekana nilimweleza mlinzi wa getini kazini kwetu, mtu mtulivu mwenye redio ndogo. Alielewa haraka kuliko nilivyoelewa mimi. Jumamosi alijibu maswali yote, kisha akasema naye ana swali. Kama mtu yuko kwenye foleni ya mafuta na ametumia fomula hiyo, je, gari nalo halionekani, au watu wataona gari linasogea lenyewe? Mkaguzi alilipima swali. Akajibu kwamba nguo za mtu hazionekani kwa sababu amezivaa, lakini gari halivaliwi. Mlinzi akasema gari lake yeye, kama angekuwa nalo, angelivaa. Waliendelea hadi Furaha akaenda kupika chai. Nilipewa fomula, na mlinzi akawa anamtumia Mkaguzi salamu kupitia kwangu kila wiki, huku mimi akinisahau.

Furaha alijaribu njia ya mkato mara moja tu. Fomula ilikuwa ya kutembea juu ya maji, na shahidi wake, binamu yake mmoja, alijibu kwa sentensi nzuri mno. Mkaguzi aliinamisha kichwa kama daktari anayesikiliza kifua.

"Mwambie shahidi afunge karatasi," akasema.

"Karatasi gani, Muzee?"

"Ile anageuza. Nimeisikia chini ya madawati miaka yote, nitakosa kuisikia mu simu?"

Binamu akakata simu mwenyewe.

Mimi nilianguka kwenye fomula ya usingizi. Nilimchagua baba yangu mdogo, mzee mpole, nikamweleza baada ya chakula cha mchana, kwa undani, na mifano. Katikati ya maelezo alilala. Jumamosi Mkaguzi alipopiga simu, mke wa baba mdogo ndiye aliyepokea. Akasema mzee amelala, na kwamba hata siku ile nilipokuwa nikiongea naye alilala, hajui nilikuwa nikimwambia nini. Fundi Hamisi alipiga meza akasema huo ni ushahidi tosha. Furaha akamuunga mkono. Mkaguzi aliliangalia jambo lile kwa haki yote, kisha akalikataa.

"Hayo ni matokeo," akasema. "Mi nilitaka maelezo."

Sijawahi kupata hukumu sahihi zaidi juu ya uandishi wangu, na sijawahi kumsamehe.

Alikuwa na mambo yasiyolingana. Wasomi aliwabana, lakini makuhani wa kitabuni aliwaachia fomula zao kila asubuhi bila shahidi wala swali, kwa kuwa yeye mwenyewe alikuwa shemasi kanisani kwake. Nilimuuliza kwa nini mimi nisiombe tu, nipewe. "We?" akasema. "Mi nakujua kwa mambo mengi. Kwa kuomba sikujui." Na yeye aliyeamini kila mtu hufundishika, hakufundishika. Binti yake aliyeishi Gitega, mji wa mbali, alimletea simu kubwa ya kisasa. Tulimwonyesha namna ya kuitumia, mmoja baada ya mwingine, kwa subira yote tuliyokuwa nayo. Aliirudisha kwenye boksi lake akasema maelezo yetu hayakuwa na mpangilio.

Tena kuna siku ambayo msomi wangu alikuwa amelala chini ya daraja, damu ikimtoka, na uhai wake ulitegemea dadu moja. Mkaguzi aliirusha mwenyewe. Ilisimama mezani, ikaonyesha moja, ambayo ni kifo. Sote tuliiona. Mkaguzi alipitisha mkono wa shati lake juu ya meza kama anayefuta vumbi, dadu ikaanguka sakafuni. "Imeanguka," akasema. "Iliyoanguka haihesabiki." Akainama kuitafuta, akachukua muda mrefu huko chini, na alipoinuka akairusha tena bila kumtazama mtu.

Halafu nikafanya kosa la msomi wa kweli: nilisoma kitabu. Nilikiazima kwa kisingizio cha Kifaransa, nikakisoma nyumbani, nikagundua kwamba katika mchezo wenyewe msomi akipanda daraja hupata fomula mpya mbili. Anapewa tu. Hakuna shahidi, hakuna simu, hakuna wiki. Nyingine anazinakili kutoka kwa wenzake, akikaa na wino wake saa chache, basi. Jumamosi nilimwekea ukurasa mbele yake, nikijisikia kama wakili.

Aliusoma, ingawa aliujua kwa moyo. "Iyo ni kwa watu wenye haraka," akasema.

"Lakini Mkaguzi, sheria yako haiko popote humu."

"Mi nimekagua shule kuliko huyo aliyeandika. Nimeona watu wamepewa. Wamepewa daraja, wamepewa cheti, wamepewa darasa la kufundisha. Unawauliza swali moja, wanaangalia dirisha." Akafunga kitabu. "Kama unataka za bure, kwenu uko na meza."

Kwangu sikuwa na meza. Nilikuwa na viti viwili, kimoja kikikaliwa na vitabu. Nikakirudisha kitabu sandukuni.

Mwaka jana aliteleza bafuni. Hakuvunjika, lakini binti yake alishuka kutoka Gitega siku hiyo hiyo, akatazama vigae, akatazama ngazi ya mlangoni, akaamua. Baba atahama mwisho wa mwezi. Mkaguzi, ambaye alikuwa amewapinga mawaziri, hakumpinga binti yake. Alitueleza habari hiyo akiwa anapanga dadu kwa ukubwa.

"Na sanduku?" Fundi Hamisi akauliza.

"Sanduku halirithiwi. Aliyejifunza atalichukua. Kama hayuko, nitalala nalo Gitega."

Furaha akasema wazi kwamba yeye maduka na watoto vinamtosha. Fundi akasema yeye ni panga. Wote wakanigeukia. Mkaguzi naye akanigeukia, akanipa fomula ya mwisho: neno la mbali. Msomi hutamka maneno machache, na mtu aliye mbali, popote alipo, huyasikia kichwani mwake na anaweza kujibu. Nikaanza kufikiria ni nani nimpelekee, pengine tena yule mlinzi.

"Shahidi nimechagua mimi," Mkaguzi akasema. "Ni mama yako."

Nilimwambia haiwezekani. Mama yangu alikuwa matroni wa bweni la wasichana maisha yake yote ya kazi. Hakuna kitu ambacho hakijawahi kufichwa chini ya godoro mbele yake. Ni mtu wa kwaya. Na haijui meza hii.

"Najua haijui. Kila Jumamosi unatoka kwenye ujia kumwambia uko mu kozi. Mashahidi wako wote ni watu wanakuogopa kidogo ao wanakupenda kidogo. Nataka mutu ambaye, kama hujaeleweka, atakuambia."

Nilikwenda kwa mama, Jabe, Jumapili baada ya ibada. Mama alikuwa uani akichambua maharage kwenye ungo, miguu imenyooshwa.

"Mama, nimekuja kukueleza kitu."

"Umefukuzwa kazi?"

"Apana. Ni mambo ya Jumamosi. Mimi siendi kozi."

"Kozi gani haina cheti miaka yote iyo?" Hakuinua macho. "Najua uko na bwana Ngagara. Nilikuwa nakuombea tu awe na adabu."

"Hakuna bwana, mama. Ni mchezo."

Mkono ulisimama juu ya ungo. Nimemwona mama akipokea habari za misiba kwa utulivu zaidi. Nilimweleza meza, nikamweleza nchi isiyokuwepo, nikamweleza sanduku na nani anaondoka. Aliuliza huyo mzee alikuwa akifanya kazi gani. Niliposema mkaguzi wa shule, akarudi kwenye maharage kwa nguvu.

"Wakaguzi nawajua. Wanakuja, wanakula kuku, wanaandika mapazia ni machafu."

"Mama, nisikilize fomula kwanza."

Nikamweleza. Akasema hiyo ni simu. Nikasema nchi ile haina simu. Akauliza kwa nini, na kama walikuwa na vita. Nikasema hapana, hawajazigundua. Akasema watu wenye majoka wameshindwaje simu. Nilijaribu tena, kwa mifano, na nikaona macho yake yakielekea pale ambapo macho ya baba mdogo yalikuwa yameelekea. Hapo nikaachana na mifano. Nilijikuta namuuliza tu: kama angekuwa na nafasi moja kama hiyo, maneno machache, angempelekea nani.

Akachagua punje moja, akaitazama, akaitupa.

"Dada yangu," akasema. "Ile wakati mpaka ulifungwa, yeye iko Uvira, na mtandao hakuna. Alisikia huku kumeharibika, akataka kuvuka kwa miguu kutuangalia. Ningemwambia: tuko wazima, usivuke."

"Na yeye angejibu?"

"Angebisha. Yule anabisha kila kitu." Akatikisa ungo. "Lakini ningejua amesikia."

Sikumweleza kitu kingine siku ile. Sikujua kama nilikuwa nimefundisha au nimefundishwa, na nilijua kwamba kwa Mkaguzi hiyo isingekuwa hoja.

Jumamosi ya mwisho nyumba yake ilikuwa na mwangwi. Makabati yalikuwa yamekwenda Gitega. Ilibaki meza, viti vyetu na sanduku la kadibodi sakafuni karibu na mguu wake. Alikuwa amevaa koti. Nilikuwa sijalala vizuri wiki nzima, kwa ajili ya mchezo ambao nilikuwa nimekana kuucheza. Akabonyeza vitufe kwa ukucha, Furaha akamwonyesha kwa mara nyingine pa kuwasha spika, na kwa mara ya kwanza akakubali.

"Allo. Hapa ni Mkaguzi."

"Najua. Uliza, lakini swali moja moja. Sio kama nyinyi wakaguzi mulikuwa munafanya zamani, matano kwa mara moja, mutoto wa watu analia."

Fundi Hamisi akatazama dari. Mkaguzi akasafisha koo.

"Bon, tuanze. Fomula ya neno la mbali inafanya nini?"

"Ni ya kuambia mutu wako uko muzima, kama njia imefungwa."

"Inafika umbali gani?"

"Umbali sio kazi. Kazi ni kumujua huyo mutu. Kama humujui, unaongea na upepo."

"Anaweza kukataa kujibu?"

"Anaweza. Mi niko na mmoja alikataa kila Jumamosi, anasema iko mu kozi."

Furaha alificha uso kwenye kitenge. Mkaguzi alikaa na simu mbali na uso, kwa kawaida yake, lakini hakupaza sauti tena. Kisha, kwa ncha ya kiatu, akalisukuma sanduku likaja hadi kwangu.

"Amefaulu," akasema.

"Sijamaliza," mama akasema. "Iyo meza itaenda wapi? Kwake hakuna pa kukaa, iko na vitabu kwa viti. Walete hapa kwangu. Lakini saa ya kwaya wawe wametoka, na huyo wa gereji anawe mikono."

"Nitanawa, mama," Fundi Hamisi akasema kuelekea simu.

"Na we Muzee, huko Gitega, Jumamosi utakuwa unauliza nani maswali?"

Nilimwona akitazama dirisha. Mtu aliyekuwa na swali kwa kila mwalimu wa nchi hii alitazama dirisha.

"Sijapanga," akasema.

"Basi mi nitakupigia. Saa ya chai. Uwe na la kusema, mi sipendi mutu wa kunyamaza."

"Ego, mama," akakubali Mkaguzi.

Akaiweka simu mezani, akaamini imekatika. Mama naye, upande wa pili, akaamini hivyo hivyo. Ndipo sisi wanne, tukiwa bado tumekaa na hakuna aliyetaka kuwa wa kwanza kusimama, tukamsikia akitembea uani na kumwita jirani yake juu ya ukuta, amwazime benchi, kwa kuwa Jumamosi ijayo atakuwa na wageni wa fomula na mmoja wao ana goti bovu.